Meli Iliyoondoka Nikila Aiskrimu

Kama kuna kitu nilichozaliwa nacho, mbali na masikio makubwa, ni ushauri. Nautoa bila kuombwa. Nikikukuta dukani unachagua nyanya, nitakuonyesha iliyo mbivu. Nikikukuta unaegesha gari, nitasimama nyuma nikupungie mikono mpaka ugonge ukuta. Nilifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari pale Stockport, Uingereza, na siku niliyostaafu wanafunzi waliniishia lakini mafundisho hayakuniishia. Aliyebaki kuyapokea ni mke wangu Glenys. Bahati yake ni kwamba anafuma. Mimi nasema, yeye anahesabu vishono na kuitikia "mm."

Baada ya kustaafu tukaangukia safari za meli. Tulipanda zile meli kubwa kama mtaa mzima: foleni ya mayai, foleni ya lifti, foleni ya kwenda kuuliza kwa nini kuna foleni. Huko ndiko nilikoupata utaalamu wangu. Asubuhi na mapema tandika taulo lako kwenye kiti cha kando ya bwawa, kabla Wajerumani, mabingwa wa kuwahi viti, hawajaamka. Wakati wa kifungua kinywa funga soseji mbili ndani ya kitambaa cha meza, mchana zitakufaa. Usinunue matembezi yanayoandaliwa na meli, ni ya kuwakamua wageni. Shuka mwenyewe, panda basi la wenyeji. Na la msingi kuliko yote, wahi kurudi, maana meli haimsubiri mtu. Hili la mwisho nililisema mpaka likachuja. Niliwasimulia watu, kwa huruma ya uongo, habari za wajinga walioachwa gatini wakiwa na mifuko ya zawadi mikononi.

Kisha shangazi yake Glenys akafariki, akamwachia urithi. Glenys akaweka sindano zake chini, jambo ambalo si la kawaida, akasema, "Safari hii nataka meli ya kifahari. Ndogo, ya watu wachache, yenye utulivu."

"Meli ni meli tu, mpenzi," nikamwambia. "Usijali, nitakuelekeza."

"Mm," akasema.

Meli yenyewe iliitwa Serafina. Tuliipandia bandari ya Southampton siku ya manyunyu, na tangu hatua ya kwanza nikawa kama mbuzi aliyeingia msikitini. Hakukuwa na foleni. Nilizunguka nikiitafuta, maana ningejuaje pa kusimama? Mwanamke mmoja aliyevaa sare nyeupe akanipa kitambaa cha moto, nikamshukuru nikakitia mfukoni, nikijua kitafaa baadaye. Kumbe ni cha kufutia mikono na kurudisha. Kikanilowesha suruali mpaka magotini.

Tulipofika chumbani tukamkuta mhudumu wetu, Mfilipino mpole aitwaye Rodel, amekwisha kufungua sanduku langu na kupanga vitu. Katika meli za namna hiyo wahudumu hukufungulia sanduku, na mimi, mtaalamu, sikulijua hilo. Juu ya meza ya marumaru alikuwa amepanga kwa heshima zote kamba yangu ya kuanikia nguo, vibanio vyake, na pakiti kumi na mbili za supu ya unga.

"Bwana Bray," akaniuliza, uso wake umetulia kama wa kasisi, "supu hizi niziweke kwenye friji au kwenye sefu?"

Glenys aliingia bafuni akafunga mlango. Nilisikia maji yakifunguliwa kwa nguvu, na chini ya sauti ya maji nikamsikia akicheka.

Kesho yake alfajiri nikatandika mataulo mawili kando ya bwawa. Viti vilikuwa vingi kuliko abiria, na Wajerumani wenyewe walikuwa wawili tu, wazee, hawapendi jua. Niliporudi baada ya chai nikakuta mataulo yameondolewa. Nikaenda chumbani nimefura, na huko nikayakuta juu ya kitanda, yamekunjwa yakawa bata maji wawili wanaobusiana. Hakuna aliyenikemea. Katika meli ya kifahari hawakukemei, wanakukunjia bata.

Mezani tulipangwa pamoja na mama mmoja wa mji wa Barnsley, Doreen Haddow, mjane aliyekuwa anakaribia miaka themanini, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanajeshi na kicheko cha kutikisa glasi. Alisafiri peke yake. Familia yake ilikuwa na kampuni ya mazishi, naye aliirithi kwa baba yake na kuiendesha mpaka magoti yalipokataa. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya bahari, kwa hiyo nikaona Mungu kaniletea mwanafunzi.

"Usianze na mkate," nikamwambia usiku wa kwanza. "Mkate unaziba nafasi."

Akapaka siagi kipande cha pili. "Mwalimu," akasema, maana nilikuwa nimeshamweleza kazi yangu kwa kirefu, "nimezika watu wengi sana. Sijawahi kumzika mtu akajuta kula mkate."

Tangu hapo jina langu likawa Mwalimu. Alilitamka namna wanafunzi wa nyuma ya darasa walivyokuwa wakilitamka.

Kitu kimoja nilikitamani kuliko vyote, nacho ni kualikwa kula kwenye meza ya nahodha. Katika meli kubwa zote tulizopanda sikuwahi kualikwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka: nilikuwa na koti la jioni, tai ya kipepeo, na maneno machache kuhusu mikondo ya Atlantiki niliyoyahifadhi kichwani. Nahodha wa Serafina alikuwa Mnorwe mrefu, mkimya, na kila nilipopishana naye kwenye ujia nilinyoosha mgongo na kusema jambo la kitaalamu juu ya upepo. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Ndiyo, leo kuna upepo," na kwenda zake.

Tulipita La Coruña, tukapita Cádiz, bandari za Hispania. Jioni tulipong'oa nanga Cádiz kuelekea Ureno, nahodha alitangaza kwenye vipaza sauti. Mimi wakati huo nilikuwa nikiwaeleza wale Wajerumani wawili jinsi ya kupambana na kichefuchefu. Walikuwa mabaharia wastaafu, lakini hilo nililijua baadaye. Nilisikia neno "saa," nikasikia "Ureno," nikawaambia wenzangu kwa kujiamini, "Anatukumbusha turudishe saa nyuma kwa saa moja. Ureno wanatumia saa za kwetu Uingereza." Na nikarudisha ya kwangu pale pale, kwa madaha, ili waone.

Alichosema nahodha ni kinyume chake. Alisema saa za meli zitabaki za Kihispania mpaka tuondoke Lisbon kurudi nyumbani, kwa hiyo tukiwa Ureno tufuate saa za meli, tusifuate za mjini. Nimefundisha habari za longitudo nusu ya maisha yangu. Nimewapa watoto adhabu kwa kukosea majira ya Lisbon.

Asubuhi tukatia nanga Portimão, kusini mwa Ureno. Meli ilikuwa imeandaa matembezi, mimi nikaandaa yangu: basi la wenyeji hadi mji wa Silves, kuona ngome ya mawe mekundu, kisha kurudi. Niliwatangazia watu wote wa kifungua kinywa. Wote walikuwa na shughuli. Glenys alisema goti lake linamuuma. Goti hilo, nilikuja kuambiwa, lilipona mara tu kisogo changu kilipopotea kwenye ngazi ya meli.

Aliyekuja ni Doreen peke yake.

"Nimechoka kubebwa kama yai," alisema. "Na wewe, Mwalimu, hata kama huna maana, angalau una maneno."

Siku ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Tulipanda kilima cha Silves polepole kwa ajili ya magoti yake, nikamweleza kila jiwe. Tulikula machungwa kwa mwanamke aliyekuwa akiuza barazani kwake, matamu ya kulambisha vidole. Doreen aliniuliza maswali ya kipuuzi makusudi ili nijibu kwa kirefu, na mimi nikajibu kwa kirefu. Tukarudi Portimão mapema, kama nilivyohubiri siku zote. Mwisho wa kupanda meli ulikuwa saa kumi na moja, na saa yangu ilionyesha saa kumi na kidogo.

"Unaona," nikamwambia, "wale waliolipia matembezi ya meli saa hizi wamebanwa kwenye basi. Sisi tuna nafasi ya aiskrimu."

Tukakaa kwenye kibanda kando ya mto. Serafina tuliiona vizuri pale gatini, nyeupe, safi, imetulia. Doreen akachukua ya limau, mimi nikachukua ya lozi. Nikawa namweleza tofauti ya gati na bandari.

"Mwalimu," akanikata, "mbona moshi?"

"Wanajaribu mitambo. Huwa wanaijaribu kabla ya safari."

Akalamba, akatazama. "Na ile ngazi wanaipandisha kwa nini?"

"Kuikagua. Sheria za usalama."

"Na zile kamba?"

Nikazitazama kamba. Baharia mmoja alikuwa akiifungua ya mwisho kutoka kwenye kigingi cha gati. Nilisikia sauti yangu ikisema, bila mimi kuituma, "Huwa wanazifungua ili wazikaushe."

Honi ikalia. Baina ya meli na gati kukatokea mstari mwembamba wa maji, ukanenepa.

"Mwalimu," Doreen akasema taratibu, kwa ile sauti ambayo nadhani aliitumia kwa wafiwa, "meli inaondoka."

Nilikimbia. Nina miaka sabini na moja na mara ya mwisho nilikuwa nimekimbia kwenye siku ya michezo ya shule, nikaanguka. Nilikimbia kandokando ya mto na koni mkononi nikipiga kelele "Subirini," na meli ikaja ikinipita upande wangu kuelekea mdomo wa mto, karibu kabisa, kwa mwendo wa bibi harusi. Abiria walikuwa wamejaa kwenye sitaha. Walinitambua. Mtu mmoja alianza kupunga mkono, wengine wakafuata, mpaka meli nzima ikawa inanipungia. Wale Wajerumani wawili walivua kofia.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Glenys.

"Clifford, uko wapi?"

"Niko hapa kando ya mto. Nakuona." Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha chumba chetu, amevaa joho jeupe la bafuni.

"Na mimi nakuona," akasema. "Unakula nini?"

"Aiskrimu."

"Ya nini?"

"Lozi."

Meli ikasogea. "Hata hukuitupa," akasema, na simu ikakata, sijui ni mtandao au ni yeye.

Doreen nilimkuta pale pale nilipomwacha. Alikuwa amemaliza yake. Nilijiandaa kwa matusi, na nilistahili kuyapata, maana mwanamke huyu alikuwa amenikabidhi majira yake na mimi nikamwangusha. Lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, nikadhani analia. Nikamshika mkono.

"Doreen, nisamehe."

Akainua uso. Alikuwa anacheka hadi hana pumzi. "Ili wazikaushe," akasema, akajipiga paja. "Kamba. Wazikaushe."

Tulikwenda gatini kwa miguu, na pale tukamkuta wakala wa meli, bwana mmoja mnene mwenye shati la mikono mifupi. Alikuwa ameshika pasipoti zetu mbili, maana wanapoona mtu hajarudi huziacha nchi kavu. Pia alikuwa na mfuko mdogo ambao Glenys aliuwahisha kwenye ngazi kabla haijapandishwa. Ndani mlikuwa na vidonge vyangu vya presha, mswaki, na pakiti mbili za supu ya unga.

"Kila msimu huwa nawapata watu kama ninyi," wakala akasema.

"Nao walikuwa wanakula aiskrimu?" Doreen akamuuliza.

"Wengi huwa wanalia, mama."

Akatueleza kwamba meli itafika Lisbon asubuhi, na kwamba kuna treni ya jioni. Tushuke stesheni ya Tunes, tubadilishe treni. Nikafungua mdomo. "Ushauri wangu, Doreen, ni kwamba tukipanda ile ya upande wa—"

"Ushauri wako," akasema, "utie mfukoni, uketi juu yake."

Basi nikauketia. Stesheni aliuliza yeye, tiketi alikata yeye, na pale Tunes nilipoanza kutembea kwa uhakika kuelekea jukwaa la pili alinivuta kwa ukosi wa koti, akanielekeza la kwanza. Jukwaa la pili lilikuwa la treni ya kurudi tulikotoka.

Tulipopata viti tukakaa tukitazamana. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya michungwa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikiwaza jinsi habari ile itakavyosimuliwa mezani, na kwamba msimuliaji hatakuwa mimi.

"Unajua," Doreen akaanza, "mimi sijawahi kuchelewa."

"Najua. Kosa ni langu."

"Sikiliza kwanza, Mwalimu. Kwa mara moja sikiliza. Gari la maiti halichelewi. Familia imesimama mlangoni, kasisi anakusubiri, kaburi limechimbwa. Ukichelewa hata kidogo wanakumbuka mpaka kufa kwao, halafu watoto wao wanampeleka maiti kwa mshindani wako. Tangu nikiwa msichana nimekuwa nikifika kabla ya wakati. Harusi yangu nilifika kabla ya bwana harusi. Mume wangu alipokuwa hoi hospitalini nilifika mapema kila siku, na siku aliyofariki nilikuwa nimekaa pale tangu alfajiri, nimeshachagua na suti ya kumzikia." Akatazama dirishani. "Leo nimechelewa. Nimechelewa meli nzima. Na hakuna aliyekufa."

Akachukua chungwa alilonunua Silves, akalimenya, akanipa nusu.

"Mkeo," akauliza baadaye, "anapenda nini katika safari hizi?"

"Anapenda viti vya upande wa kulia, kwa sababu jua—"

"Sijauliza unachompangia. Nimeuliza anapenda nini."

Nikafikiri. Nilipitia bandari zote tulizowahi kushuka, nikajiona mimi mbele nimeshika ramani, na Glenys nyuma na mkoba wake. Nilijua saizi ya viatu vyake. Nilijua dawa zake, na kwamba hali figili. Lakini anapenda kwenda wapi, akiachiwa? Treni ilipita vituo viwili bado natafuta. Doreen aliniangalia kama anayesubiri mtu atie sahihi, kisha akafumba macho akalala, kwa huruma nadhani.

Tulipokaribia Lisbon Glenys akapiga tena. Nyuma yake nilisikia muziki na vyombo.

"Umekula?" akauliza.

"Nusu chungwa. Wewe?"

"Ndiyo nataka kukwambia. Mwaliko ulikuja chumbani mara tu baada ya meli kuondoka. Tumealikwa meza ya nahodha."

Moyo wangu uliruka kama samaki. "Lini?"

"Leo."

"Leo? Waambie waahirishe, mpenzi. Mweleze kwamba kesho nitakuwepo."

"Clifford," akasema, "meli haikukusubiri. Unadhani supu itakusubiri?"

Nikaegemeza kichwa kwenye kioo. "Sasa umekaa na nani?"

"Nahodha kushoto, daktari wa meli kulia. Nahodha naye anafuma. Anafuma soksi, Clifford. Tumeongea vishono tangu tulipoketi. Nimekula kwa uma niliouona wa kwanza, na hakuna aliyeniambia lolote." Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti niliyokuwa sijaisikia kwa muda. "Sasa nakata. Wanaleta keki."

Doreen alikuwa ameamka, amesikia yote. Alinipigapiga goti. "Pole, Mwalimu. Ndiyo kufiwa huko. Siku ya kwanza ndiyo mbaya."

Tulipata nyumba ya wageni karibu na mto, vyumba viwili, na mwenye nyumba alitutengea dagaa wakubwa wa kuchoma na mkate. Nilikula mkate mwingi. Sikumbuki kama uliziba nafasi ya chochote.

Asubuhi tulikuwa gatini kabla ya meli. Nilikuwa sijawahi kuitazama meli yangu mwenyewe ikiingia. Kila mara nilikuwa ndani, mbele, nikiwaonyesha watu mnara huu na daraja lile. Serafina ilikuja taratibu kwenye mto mpana, jua usoni mwake, na nikahisi kitu cha ajabu: hofu ya mtu anayengojewa, au anayengoja, sijui. Nilikuwa sijanyoa na nanukia dagaa.

Ngazi ikashushwa. Abiria wa kwanza kushuka walinipigia makofi. Mwanamume ambaye siku zote alikuwa akijificha nyuma ya gazeti nikipita alinijia mwenyewe, akaniuliza, "Hebu niambie, ilikuwaje? Ni kweli ulisema wanakausha kamba?" Doreen alikuwa ameshawasimulia wengine watatu pembeni. Kwa mara ya kwanza katika safari zangu zote watu walikuwa wakinizunguka ili niseme, na mimi niliangalia juu ya vichwa vyao, namtafuta mtu mmoja.

Nahodha alipita akielekea kwa wakala. Akasimama, akanitazama kutoka huko juu kwenye urefu wake. "Bwana Bray," akasema, "leo hakuna upepo." Na akaenda zake. Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Glenys alishuka wa mwisho mwisho, na goti zima kabisa, amevaa kofia ambayo sikuwahi kuiona. Alisimama mbele yangu akanikagua kuanzia viatu.

"Umekunywa vidonge?"

"Nimekunywa."

"Haya." Akanitengeneza ukosi wa shati. Akabusu shavu ambalo halikunyolewa, akafuta mdomo wake.

Mfukoni nilikuwa na mpango wa siku ya Lisbon, nilioutayarisha Stockport wakati wa baridi: monasteri, mnara, tramu, na mahali pa kusimama ili picha isiingie nyaya. Nikauhisi unanichoma. "Glenys," nikasema, "wewe leo unataka kwenda wapi?"

Alinitazama kwa wasiwasi, kama anayempima mtu homa. "Umeanguka? Umegonga kichwa?"

"Hapana. Nauliza tu."

Akageuka akaangalia mto, na jibu lake likaja haraka kiasi kwamba nilijua limekaa tayari kwa miaka. "Nataka kupanda kile kivuko," akasema, akionyesha chombo kidogo kilichokuwa kikikata maji kwenda ng'ambo. "Cha watu wanaokwenda kazini. Nataka kupanda, nikae, nisielezwe kitu."

Tukapanda. Viti vilikuwa vya plastiki, madirisha yana ukungu wa chumvi, na abiria wenzetu walikuwa wanawake wenye mifuko ya sokoni na fundi mmoja aliyelala na kisanduku chake cha vifaa mapajani. Glenys akatoa sweta lake akaanza kufuma. Daraja kubwa jekundu likapita upande wa kushoto. Najua mengi sana kuhusu daraja lile, nani alilijenga na lini na kwa nini. Nikang'ata ulimi. Uliuma kweli. Tulipofika ng'ambo hatukushuka. Tulilipa tena tukarudi, kisha tukaenda tena, na fundi alikuwa bado amelala, nadhani alipitiliza kituo chake zamani.

Katika safari ya tatu Glenys alizungumza bila kuinua macho. "Nimeongea na Doreen pale gatini. Majira ya kuchipua tunakwenda kuona zile ghuba za Norwe. Nahodha amesema atatuwekea chumba kizuri."

"Sawa kabisa," nikasema. "Norwe kuna baridi, lakini tukichukua makoti ya—"

"Mimi na Doreen, Clifford."

Shakwe mmoja alitua kwenye reli, akanitazama, akaruka.

"Na mimi je?"

"Wewe utabaki nyumbani na paka."

"Hatuna paka, Glenys."

Akahesabu vishono vyake mpaka mwisho wa mstari, akageuza sindano. "Utanunua," akasema.